Mbeba Maji wa Fabian

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo mchana, kubwa, ikitokea upande wa Ngorongoro. Gata ya paa haikuvuja hata tone. Maji yalikimbia moja kwa moja hadi kwenye tanki. Nilisimama mlangoni nikiyasikiliza, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani kwa aibu.

Sina wa kumweleza, ndiyo maana naandika. Daftari ni la Fabian. Alikuwa ameandika kurasa mbili tu, majina ya ndege walioonwa na wageni wake kule Ndutu. Sikuzichana. Nimeanzia ya tatu.

Fabian ni mume wangu. Alifariki tarehe 19 Januari, ghafla, kambini, akiwa kazini na watalii. Jumamosi ya wiki iliyopita tulisoma misa ya arobaini, na vitu vyake vikagawiwa. Kwetu kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ndugu hawajakaa. Shemeji zangu walikaa, wakagawana makoti, viatu na darubini. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa kitu siku tisa kabla yao, na sikusema.

Jumatano, 12 Machi

Nimepanda maharage mistari minne. Mvua haijarudi.

Jumapili, 16 Machi

Leo baada ya misa ya pili wamekuja watu watatu: Mwalimu Piusi, anayefundisha hesabu sekondari, Metui, dereva mwenzake Fabian, mtu wa Enguserosambu, na Sinyati, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Rhotia. Hao ndio waliokuwa wenzake wa mchezo.

Niueleze mchezo wenyewe, maana hata shemeji zangu hawakuwahi kuuelewa. Wanauita Kivuko. Kuna ubao uliochorwa mto, kuna majeshi mawili, na kila jeshi linataka kuvuka kabla ya jingine. Kete ndizo zinazoamua nani anaanguka. Askari ni wa madini ya risasi, urefu wa kidole gumba, na kila mtu huwapaka rangi wa kwake kwa brashi nyembamba kama unywele. Fabian aliupata kwa mzee mmoja wa Ulaya. Walikaa Kogatende siku nzima wakisubiri nyumbu wavuke mto, nyumbu wakakataa, basi mzee akatoa kisanduku wakacheza juu ya boneti. Alipoondoka alimwachia. Tangu hapo wageni waliorudi walikuwa wakimletea mmoja, wawili, mpaka wakafika sitini na wanne.

Mwalimu hakugusa chai. Alitoa simu akanisomea tangazo huku akilitafsiri polepole, kama anavyowasomea wazazi matokeo. Kiwanda kimeacha kutengeneza Kivuko. Kalibu za kumiminia askari zimevunjwa. Hata ukurasa wa sheria mtandaoni utafungwa mwisho wa mwezi.

"Kwa hiyo waliopo ndio hao hao," alisema Metui. "Hakuna kuzaliwa tena."

"Usiseme hivyo kwenye nyumba ya msiba," Sinyati akamkemea.

"Nasema askari, dada."

"Mimi ninao ishirini," alisema Mwalimu. "Metui kumi na mmoja, ukimhesabu yule aliyekaliwa."

"Aliyekaliwa na nani? Sema vizuri, mama ajue."

"Nilikaa, ndiyo. Ungemwacha mezani nisingemkalia."

Sinyati alicheka, nami nikacheka, kisha Mwalimu akaniambia walichokijia. Siku ya Muungano watakuja Karatu wachezaji wa Arusha na wengine wawili wa Nairobi. Wanataka kuamua kama mchezo unaendelea au kila mtu auze alichonacho na yaishe. Jeshi kamili katika watu wote hao ni la Fabian tu.

"Wakiliona jeshi zima mezani hawataacha," alisema. "Wakikuta ubao nusu, watauza, na sisi tumekwisha. Lakini hatukuharakishi, Mama Antonia."

Nikasema, "Wapo kabatini. Bado sijaweza kulifungua."

Mwalimu alivua kofia. "Pole, mama. Hata ukitupatia siku ile ile ya Muungano, tutashukuru."

Kabati lina mashuka.

Jumapili, 23 Machi

Naandika ilivyokuwa. Tarehe 20 Februari alikuja fundi Patrisi kutengeneza gata, kwa sababu maungio yalikuwa yameachia na masika yalikuwa karibu. Alikuwa na jiko lake la mkaa, tindikali, na chuma cha kulehemia, lakini risasi ilimwishia kwenye ungio la kwanza. Akaniuliza kama nina risasi yoyote kuukuu ndani. Nikampa kopo kubwa la maziwa lililokuwa chini ya kitanda. Nilidhani ni wale askari waliovunjika ambao Fabian aliwaweka kando. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka, kopo lilikuwa tupu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua siku tatu. Tanki limejaa hadi linamwaga.

Jumapili, 30 Machi

Niliporudi kanisani niliwakuta shambani. Mwalimu alikuwa amekunja suruali, Metui na jembe langu, Sinyati amejifunga kanga yangu aliyoianua kwenye kamba. Walikuwa wamekwisha kupalilia nusu ya mahindi.

"Mama, huyu Metui ni mfugaji, mwangalie," alisema Sinyati. "Anapalilia mahindi, anaacha magugu."

"Magugu ndiyo chakula cha ng'ombe. Mimi namwekea akiba ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Mama hana ng'ombe."

"Nitamletea."

Niliwapikia makande. Walikula wakizungumza juu ya siku ya Muungano: wageni watalala wapi, meza itaazimwa kanisani au shuleni. Hakuna aliyetaja kabati. Ningependa wangelitaja. Wangeuliza mara ya pili, labda ningesema.

Walipoondoka Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimefungua begi la safari la Fabian. Mna sweta, tochi, kalamu ya mgeni, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Ni sheria zote za Kivuko, alizitafsiri mwenyewe kwa mkono, kurasa sabini na moja. Mwandiko wake ulilala kulia kama mtu anayepanda kilima cha Rhotia kwa miguu.

Nilikumbuka Mwalimu alivyosema, ukurasa wa mtandaoni ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Sasa ni tarehe tatu. Nimenunua madaftari matatu dukani na nimeanza kunakili. Niliishia darasa la saba lakini mwandiko wangu walikuwa wakiusifu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefika ukurasa wa thelathini. Sikujua kwamba mume wangu aliwaza mambo haya. Nilidhani ni kurusha kete.

Ameandika: *Askari aliyeanguka haondolewi mezani. Alazwe pale pale alipoangukia mpaka mchezo uishe, ili wote waone kuvuka kumegharimu nini.* Pembeni ameongeza kwamba sheria hiyo si ya kiwanda, ni ya Karatu, walikubaliana wenyewe.

Halafu kuna mbeba maji. Katika kila jeshi ni mmoja tu, mwanamke mwenye mtungi. *Mbeba maji hapigani. Asogezwe kwanza, kabla ya jemadari. Akimfikia aliyeanguka, aliyeanguka anainuka.* Chini ya hapo ameandika rangi: *Kitenge cha kijani, maua ya njano. Kama cha B. siku ya Mbulu.*

B. ni Brigita, ni mimi kabla sijaitwa Mama Antonia. Siku ya Mbulu tulikwenda harusini, mvua ikatukuta njiani, na Fabian alibeba viatu vyangu mfukoni mwa koti, kimoja kila upande, mpaka mlangoni kwa watu. Kitenge ninacho bado. Leo sikunakili zaidi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mnada. Nilimwona Patrisi amekaa na jiko lake akilehemu ndoo za watu. Nilizunguka mara mbili kabla ya kumsogelea.

"Mama Antonia, shikamoo. Gata inasemaje?"

"Marahaba. Haivuji. Patrisi, ile risasi ilibaki?"

"Ilibaki kidogo. Ilikuwa nzuri sana, inatiririka kama samli. Nimelehemu sufuria za jikoni kwa paroko, na bomba la kunyunyizia dawa la jirani yako." Aliinua ndoo akaichungulia juani. "Askari wako wamesambaa Karatu nzima, mama. Tunalindwa."

Alisema kwa wema. Nilicheka ili asiulize, nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Tarehe 23 Machi niliandika uongo, na daftari hili nililichukua ili pawe na mahali pamoja nisiposema uongo.

Sikuwa jikoni. Na nilijua kilichomo koponi.

Fabian alirudi safari Jumamosi ya tarehe 11 Januari. Alikuwa na siku moja tu nyumbani kabla ya kwenda Ndutu, Jumapili. Nilichinja jogoo. Alisema anapita kwa Mwalimu saa moja tu, wana mechi hawakuimaliza tangu Krismasi. Alirudi jua linazama, vidole vina rangi ya kijani. Jogoo alikuwa amepoa na mafuta yameganda. Sikumsemesha. Asubuhi akifunga begi aliniambia, "Jumapili ijayo ni yako, nakuahidi." Sikumjibu. Nilikuwa nakoroga uji.

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe 19.

Kwa hiyo siku yake ya mwisho waliipata wao. Mwezi mzima wa msiba nilikuwa nawaandalia chai hao hao, wakilia kwenye viti vyangu, na moyoni nikisema, ninyi mlipata Jumapili, mimi nilipata uji.

Patrisi alipouliza risasi nilikwenda mwenyewe chini ya kitanda. Nilifungua kopo, nikawaona, wamefungwa mmoja mmoja kwenye karatasi za chooni wasikwaruzane. Nikampa mmoja mmoja. Alikuwa na upawa wa zamani juu ya mkaa, anaweka askari, rangi inatoa moshi kwanza, halafu magoti yanalegea, halafu ni maji yanayong'aa. Baada ya kumi hivi aliniuliza, "Mama, hawa si wa mtu?" Nikasema, "Mwenyewe hayupo."

Mbeba maji alikuwa wa mwisho. Nilimtambua. Kijani na njano. Nilimshika kitambo, Patrisi akanisubiri na upawa wake, nikampa.

Nilisikia raha. Mpaka chuma kilipopoa.

Jumatano, 16 Aprili

Leo kulikuwa na kitubio cha Pasaka parokiani. Foleni ilitoka mlangoni mpaka kwenye ua. Nilipogeuka, aliyekuwa nyuma yangu ni Mwalimu Piusi.

"Unaendeleaje, mama?" akauliza. "Wa Nairobi wamethibitisha. Nimewaambia wataliona jeshi la Fabian, hawaamini. Wanadhani liliuzwa."

Watu watatu walikuwa wamebaki mbele yangu. Nikafikiri, nitamwambia padri, padri ataniondolea, nami nitatoka humo nikiwa nimesafika na huyu bado anasubiri kabati. Nikatoka kwenye foleni nikamwita pembeni, karibu na bomba.

Nilimwambia yote, hata jogoo.

Mtu alikuja kuchota maji akaondoka.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Na mbeba maji?"

"Na yeye."

"Alimpaka nyumbani kwangu," alisema. "Siku hiyo hiyo unayosema. Rangi ya kwanza ilikuwa imebanduka, akampaka upya. Mechi hatukuimaliza. Alikaa na huyo mmoja mchana kutwa, akasema anataka umwone kabla hajaondoka Jumatatu."

Hakunionyesha. Mimi sikuwa namsemesha, angenionyeshaje?

Mwalimu hakurudi kwenye foleni. Alivaa kofia akaenda zake kwa njia ya makaburini. Amekosa kitubio cha Pasaka kwa ajili yangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna aliyekuja. Nimenakili kurasa sita.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Walikuja wawili, Metui na Sinyati. Mwalimu amekwisha kuwaambia.

Metui alisalimia, akachukua kigoda, akapanda mpaka kichwa kikafika kwenye gata. Alipitisha kidole kwenye kila ungio kama anayemkagua ng'ombe kupe.

"Hawa ni wapanda farasi," alisema kwenye ungio la tatu. "Wamejipanga vizuri kuliko nilivyowahi kuwapanga mimi."

Hakuna aliyecheka. Alishuka.

Sinyati alikuwa amesimama na mkoba wake begani, hakutaka kukaa. "Tulipalilia shamba lako, mama."

"Najua."

"Kama ungetuambia ulitukasirikia, tungekuelewa. Hata mimi ningekasirika. Ile Jumapili ilikuwa yako, kweli. Lakini ulituacha tukuhurumie. Nilikuwa nawazuia hawa wasiseme neno kabati mbele yako, nikidhani unalia."

"Nilikuwa nalia."

"Ndiyo, lakini si kwa tuliyodhani."

Niliingia ndani nikatoa madaftari. Mawili yalikuwa yamekamilika, la tatu limefika nusu. Nilisema ukurasa wa mtandaoni umekwisha kufungwa, nimenakili za Fabian, kila mmoja apate lake. Sikusema ni malipo. Si malipo.

Sinyati alifungua, akasoma akiwa bado amesimama. Kisha akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama," aliuliza baada ya muda, "magunzi unayo?"

"Ya nini?"

"Ukikata gunzi vipande vifupi, linasimama. Na linalala. Kuna meupe na mekundu."

"Wa Nairobi waje kilomita zote hizo wachezee magunzi?" alisema Metui.

"Una risasi wewe?"

Mwalimu walisema anaumwa kichwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi maji yaliyomwagika tankini yalikuwa yamechimba udongo chini ya ungio la mwisho, lile la pembeni, lililolehemiwa mwishoni. Nilipokuwa narudisha mawe niliona kitu kinang'aa. Ni tone la risasi, kubwa kuliko punje ya mahindi, bapa chini kama lilianguka likakaa. Patrisi alipokuwa juu ya ngazi lilimdondoka.

Nimelisugua na majivu. Halina uso wala kitenge. Liko mfukoni mwangu ninapoandika.

Jumamosi, 26 Aprili. Muungano

Walikuja saba. Meza iliwekwa hapa kwangu barazani kwa sababu ya mvua. Niliomba nisiwepo, Sinyati akasema nitakuwepo, na kwamba nitawaambia wageni mwenyewe. Nikawaambia. Mmoja wa Nairobi, kijana mpole mwenye miwani, alisafiri na kisanduku cha askari wake wapya na alikifunga tena. Lekishon wa Arusha alisema yeye tayari ana mnunuzi wa vyake, alikuja kuliona jeshi la Fabian tu halafu auze. Aliangalia juu kwenye gata muda mrefu. Aibu niliyoisikia hapo sitaimaliza kwa madaftari.

Mwalimu Piusi alikuja wa mwisho. Aliwasalimia wote kwa mikono, mimi hakunisalimia. Alikaa upande wa pili wa meza, akafungua daftari nililolinakili, akawa mwamuzi.

Wakapanga magunzi mekundu upande wa Fabian, vipande sitini na vitatu, nilivikata mwenyewe kwa kisu cha mkate. Upande mwingine walisimama askari wao wote wa risasi, wa Karatu, Arusha na Nairobi pamoja. Walikuwa wazuri. Magunzi yalionekana kama takataka mbele yao.

"Jeshi hili limetoka kwenye ghala moja kwa moja," alisema Metui. "Halijala."

Yule wa Nairobi alicheka kidogo. Akavuta kiti.

"Upande wa Fabian anacheza nani?" aliuliza Lekishon.

Sinyati alinitazama. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nazijua sheria zote, nimeziandika mara tatu.

Mwalimu alihesabu kwa kalamu. "Sitini na tatu. Pamepungua mmoja."

Nilitoa tone mfukoni nikaliweka nyuma ya safu, karibu na mto. Mvua ilikuwa imeanza tena, na gata juu yetu ilikuwa inapitisha maji kwa sauti.

"Huyo nani?" aliuliza yule wa Nairobi.

"Mbeba maji," nikasema.

Mwalimu aliliangalia tone. Alivua miwani akaifuta, akaivaa. Nilikuwa nimeweka mkono wangu juu ya gunzi la jemadari, kwa woga tu, sikujua naanza wapi mbele za watu.

"Si huyo, Mama Antonia," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Mbeba maji anasogezwa kwanza."

Nikamsogeza.